Milima Inayoanzia Baharini

Mtu aliyekulia Unguja, Lamu au Mafia hukijua kisiwa kwa ubapa wake: minazi, mchanga mweupe, na barabara ambayo baiskeli huimaliza bila mtu kushuka. Unguja nzima haina pahali panapofika mita 150 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana tunapokwenda kupumzika kwenye visiwa vya jirani zetu wa Bahari ya Hindi, Ngazija, Réunion, Morisi au Ushelisheli, tunafungasha kandambili na nguo za kuogelea kana kwamba safari ni ya Nungwi. Kisha mwenyeji anatuambia kesho alfajiri tutapanda mlima, nasi tunaitikia upesi, kwa sababu namba tumeshaiona kwenye ramani. Mita 556. Mita 905. Sisi wenye Kilimanjaro, mita 5,895, tuogope nini?

Namba hiyo ndiyo inayowaponza watu. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huanza kutembea akiwa tayari karibu mita 1,900 juu, penye msitu wa baridi na hewa ya kumfanya afunge vifungo vya koti. Kisiwani mtu anaweza kuanzia pale mawimbi yanapoishia, joto likiwa nyuzi 30, hewa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho linatiririka na kudondoka badala ya kukauka. Na jasho lisilokauka halimpoozi mtu. Mwili unapoteza maji, na joto linabaki ndani. Mita 500 za namna hiyo zinaweza kumtoa mtu pumzi zaidi kuliko mita 1,000 za nyanda za juu.

Basi hapa nimekusanya vilele na njia za visiwa hivi zinazoshika rekodi, nyingine za dunia nzima, nyingine za bahari yetu tu. Urefu ninautaja kwa sababu kila msomaji atauuliza. Lakini ninachokipima hasa ni kile ambacho kila mlima unamdai mtu anayeupanda.

Mrefu kuliko yote: Piton des Neiges

Réunion ni kisiwa cha Ufaransa kilicho mashariki ya Madagaska, chenye kilomita za mraba 2,512 hivi, yaani karibu sawa na Unguja na Pemba ukiziweka pamoja. Juu ya kipande hicho cha ardhi umesimama Piton des Neiges, wenye mita 3,070 hivi, kilele kirefu kuliko vyote katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Madagaska ni kubwa zaidi ya mara 200, lakini kilele chake cha juu kabisa, Maromokotro, kinaishia mita 2,876.

Na hizo mita 3,070 ni sehemu tu inayoonekana. Réunion ni volkano iliyojijenga kutoka sakafu ya bahari, yenye kina cha mita 4,000 hivi mahali hapo. Ukipima kutoka huko chini, mlima mzima unafika takribani mita 7,000. Kilimanjaro, ukiupima kutoka tambarare zake hadi Uhuru, unapanda mita 5,000 hivi. Mpenzi wa Kilimanjaro asikasirike: wetu bado ndio unaoigusa hewa nyembamba. Ila ninapotazama ramani ya Réunion siwezi kuuona tena mlima ule kama mdogo.

Wapandaji wengi huanzia Le Bloc, juu kidogo ya mji wa Cilaos, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400. Kufika Cilaos kwenyewe ni kazi, maana barabara ya kutoka pwani inasifika kwa kona zake 400 na matumbo mengi hayafiki salama. Kutoka Le Bloc njia inapanda zaidi ya mita 1,000 kwa ngazi za magogo na mawe, msituni, bila kupumzika kwenye sehemu tambarare, hadi nyumba ya wapandaji ya Caverne Dufour iliyo karibu mita 2,500. Hapo watu hula wali, dengu za Cilaos na soseji, hulala mapema, na saa tisa usiku huamka kuwasha tochi za kichwani. Zilizobaki ni kama mita 600 za mawe ya volkano, gizani, ili jua lichomoze wakiwa kileleni.

Sababu ya kuamka usiku ni mawingu. Jua likishaipasha pwani, hewa yenye unyevu hupanda kando ya mlima, hupoa na kugeuka ukungu. Saa nne asubuhi anayefika kileleni mara nyingi huona weupe mtupu. Sababu ya pili ni baridi yenyewe, ambayo wageni hawaiamini wanapoambiwa ufukweni. Hewa hupoteza takribani nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Aliyeacha nyuzi 28 pwani, Saint-Pierre, jioni anaweza kukuta umande umeganda juu ya mawe alfajiri. Sweta, kofia ya sufu na kitu cha kuzuia upepo vinapaswa kuwemo katika begi lilelile lenye mafuta ya jua.

Kupanda, hata hivyo, si sehemu mbaya zaidi. Kutoka kileleni hadi Le Bloc ni karibu mita 1,700 za kushuka, ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi inapigwa na goti. Wenyeji hawauliziani kama umefika juu. Huulizana magoti yanasemaje. Kuna wanaokwenda na kurudi siku moja, na miguu yao huwalipa kwa siku tatu zinazofuata wakiwa hawawezi kukaa chooni bila kushika ukuta.

Uliolowa kuliko yote

Rekodi za dunia za mvua nyingi kwa muda wa siku chache zinashikiliwa na milima hiyohiyo ya Réunion. Tarehe 7 na 8 Januari 1966, kimbunga Denise kilipopita, kituo cha Foc-Foc kilipokea milimita 1,825 ndani ya saa 24. Mwaka 1980, kimbunga Hyacinthe kilichozungukazunguka kisiwa kwa muda mrefu kilimwaga milimita 6,083 kwa siku 15 kwenye kreta ya Commerson. Na Februari 2007, kimbunga Gamede kiliangusha hapohapo Commerson milimita 3,930 kwa saa 72.

Tuziweke namba hizo kwa kipimo cha nyumbani. Dar es Salaam hupata mvua ya mita moja na kidogo kwa mwaka mzima, masika na vuli pamoja. Commerson ilipata zaidi ya mara tatu ya hiyo kwa siku tatu.

Chanzo ni mlima wenyewe. Pepo za kusini-mashariki na vimbunga vinapofika vimebeba unyevu wa bahari nzima, vinakuta ukuta wa mita 2,000 na 3,000 uliosimama ghafla. Hewa haina pa kupita ila juu, na inapopanda inapoa, inaachia maji. Ndiyo maana upande wa mashariki wa Réunion umejaa maporomoko, na upande wa magharibi, nyuma ya mlima, mtu anaweza kuota jua wiki nzima. Kwa mpandaji somo ni la moja kwa moja: kati ya Desemba na Machi njia nyingi hufungwa kwa sababu ya mawe yanayoporomoka na mito inayojaa kwa dakika. Njia iliyofungwa imefungwa kwa ajili ya maisha ya watu. Sipendi kabisa tabia ya wageni kuruka kizuizi kwa kuwa likizo yao inaisha kesho.

Wenye moto

Kusini-mashariki mwa kisiwa hicho upo Piton de la Fournaise, mita 2,632, miongoni mwa volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani: zaidi ya milipuko 150 tangu watu waanze kuweka kumbukumbu karne ya 17. Lava yake ni nyepesi, inatiririka zaidi ya inavyorusha mawe, na inaelekea upande usio na watu wengi. Lakini si kila mara. Mwaka 1977 ilishuka hadi kijiji cha Piton-Sainte-Rose, ikateketeza nyumba, ikalizunguka kanisa na kusimama mlangoni; kanisa lipo hadi leo, lava nyeusi imelikumbatia. Aprili 2007 sakafu ya kreta kuu, Dolomieu, iliporomoka kiasi cha mita 300.

Njia ya huko ni ya ajabu kwa kuwa inaanza kwa kushuka. Kutoka Pas de Bellecombe, zaidi ya mita 2,300 juu, unateremka mamia ya ngazi hadi sakafu ya kaldera, unavuka bahari ya lava iliyoganda, kisha ndipo unapopanda. Hakuna mti. Jua linapiga kutoka juu, na mwamba mweusi unarudisha joto kutoka chini. Na baada ya saa tano au zaidi za kwenda na kurudi, zile ngazi za mwanzo zinakusubiri kuzipanda.

Mgumu kuliko umaarufu wake: Karthala

Ngazija, kisiwa kikuu cha Komoro, iko karibu zaidi nasi, kwa safari na kwa damu. Mzee wa Moroni akikusalimu, neno moja unalikamata na jingine linakupita, lakini mazungumzo yanasonga. Mlima wa kisiwa hicho, Karthala, una mita 2,361, na juu yake kuna kaldera yenye upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, miongoni mwa zilizo kubwa kabisa kwa volkano hai duniani. Kwa maoni yangu huu ndio mlima unaodai zaidi katika orodha nzima, hata kuliko Piton des Neiges, na sababu yake kubwa ni maji.

Ngazija haina mito. Ardhi yake ni lava changa yenye matundu, na mvua, hata iwe kubwa namna gani, huzama moja kwa moja. Kwa vizazi wenyeji wa vijiji vya juu wamekunywa maji ya mvua yaliyokusanywa kwenye mabirika. Kwa hiyo anayepanda Karthala anabeba kila tone atakalolihitaji, kwenda na kurudi, na anayelala huko juu anabeba na ya kupikia. Lita sita mgongoni ni kilo sita, na zinabebwa kwenye joto la pwani kuanzia hatua za kwanza, kupitia mashamba ya migomba na milangilangi, kisha msitu wa mvua wenye utelezi, kisha vichaka vya juu ambako kivuli kinaisha. Mwendo wa kupanda huchukua karibu siku nzima. Hakuna nyumba ya kulala yenye dengu na soseji. Kuna hema, mwongoza njia, na vijana wa kijijini wanaojua pahali pa kuweka mguu.

Kuna zawadi njiani. Misitu ya Karthala ina bundi mdogo, anayeitwa kisayansi Otus pauliani, asiyepatikana pahali pengine popote duniani isipokuwa miteremko ya mlima huu. Usiku kambini, anayetulia humsikia.

Na kuna hatari ambayo haitakiwi kupuuzwa. Mwaka 1903 gesi ya Karthala iliua watu 17. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba. Maelfu ya watu walivihama vijiji vyao, na majivu yakaingia kwenye mabirika, yakaharibu maji ya kunywa. Nasema hivi kwa kuwa wageni huuliza kwanza kuhusu picha. Swali la kwanza kwa mwenyeji liwe: mlima ukoje wiki hii?

Mfupi wenye mzigo mzito: Le Morne

Le Morne Brabant, mita 556, umesimama peke yake kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Morisi, bahari ikiuzunguka karibu pande zote. Kila kadi ya posta ya Morisi inao. Theluthi mbili za mwanzo za njia ni matembezi ya kawaida kwenye barabara ya vumbi. Kisha mwamba unasimama wima, mikono inaanza kufanya kazi ya miguu, na wale waliokuja na kandambili hugeuka hapo. Saa tatu hadi nne zinatosha kwenda na kurudi. Kwa kipimo cha misuli, ni mlima wa wastani.

Naupa nafasi kubwa kwa sababu nyingine. Katika karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19, watumwa watoro walikimbilia juu ya Le Morne, wakaishi kwenye mapango na kwenye bapa la kileleni, kwa kuwa kuta zake zilikuwa ngumu kupandwa na waliowawinda. Njia ambayo leo tunaipanda kwa furaha, na chupa ya maji mkononi, wao waliipanda bila viatu, wengine usiku, na wakajifunza kuishi pahali pasipo na maji ya kutosha.

Na wengine kati yao walitoka kwetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Jean-Vincent Morice, aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa hivi, Morisi ya leo na Réunion. Walikuwa watu wa bara na pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na wengi kutoka Msumbiji na Madagaska. Mpandaji kutoka Lindi au Kilwa anapofika kwenye ule mwamba wima anaweka kiganja pahali ambapo huenda mtu wa nyumbani kwao aliweka chake.

Utumwa ulifutwa Morisi tarehe 1 Februari 1835. Masimulizi ya wenyeji yanasema askari walipotumwa kwenda Le Morne kuwatangazia watoro kwamba sasa wako huru, wale waliokuwa juu waliona sare tu, wakadhani wamefuatwa, wakajirusha kwenye genge. UNESCO iliuingiza mlima katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na chini yake, mwaka 2009, ulizinduliwa mnara wa ukumbusho wa Njia ya Watumwa. Tarehe 1 Februari ni sikukuu ya taifa. Ningependa kila Mswahili anayekwenda Morisi kwa fungate au kwa biashara aitenge asubuhi moja kwa ajili ya mlima huu, hata kama ataishia kwenye mnara.

Kwenye kisiwa hichohicho, kwa harakaharaka: kilele kirefu zaidi ni Piton de la Petite Rivière Noire, mita 828. Cha ajabu zaidi kwa umbo ni Pieter Both, mita 820, ambao una jabali kubwa lililokaa juu ya ncha yake kama kichwa juu ya shingo. Jina lake ni la gavana wa Kiholanzi aliyezama karibu na Morisi mwaka 1615. Kulipanda jabali lile kunataka kamba na mwongoza njia mwenye ujuzi. Jirani yake, Le Pouce, mita 812, ni mzuri kwa familia, na Charles Darwin aliupanda Mei 1836 meli yake ilipotia nanga Port Louis.

Penye miguu mingi kuliko magurudumu: Mafate

Turudi Réunion. Katikati ya kisiwa kuna mabonde makubwa matatu ya duara yenye kuta za mamia ya mita: Salazie, Cilaos na Mafate. Mawili ya kwanza yana barabara. Mafate haina hata moja. Watu wapatao 800 wanaishi humo, kwenye vijiji vilivyokaa juu ya vipande vya ardhi tambarare kati ya makorongo, na anayetaka kuwafikia anatembea au anapanda helikopta. Saruji, gesi ya kupikia na bia za vibanda vya wageni huja kwa njia ya anga. Watoto huzaliwa wakijua kwamba kwenda mjini ni kupanda ukuta kwanza.

Jina lenyewe ni la kiongozi wa watoro. Kama Le Morne, hapa nako watu waliokimbia utumwa walipata hifadhi, na hapa waliweza kukaa, kulima na kuzaa, hadi uhuru wa Desemba 1848 na baada yake.

Katika bonde hili ndiko alikofanyia kazi Ivrin Pausé, mwanamume aliyebeba barua za Mafate kwa miguu kwa takribani miaka 40, kuanzia 1951. Begi mgongoni, ukuta wa bonde kushuka, vijiji kimoja baada ya kingine, ukuta kupanda, mvua au jua. Sijui rekodi gani ya michezo inaweza kukaa kando ya hiyo. Mashindano ya siku tatu yana waamuzi, vituo vya maji na watu wa kushangilia. Yeye alikuwa na pensheni za wazee na barua za wanajeshi, na aliyemsubiri mlangoni alikuwa amehesabu siku.

Kwa mgeni, Mafate ni pahali pazuri pa kujifunza kutembea kisiwani. Lala La Nouvelle au Marla, nunua chakula kwa wenyeji, na usikimbie.

Wenye mwamba mkongwe, na somo la jasho

Ushelisheli haifanani na jirani zake. Réunion ina umri wa miaka milioni chache tu, imezaliwa na moto; Mahé ni mwamba wa matale wenye umri wa miaka milioni 750 hivi, kipande kilichobaki katikati ya bahari wakati bara la kale lilipopasuka na India kuelea kaskazini. Kilele chake, Morne Seychellois, kina mita 905, na njia yake haitunzwi. Wengi hupanda Morne Blanc, mita 667, kwa njia fupi iliyosimama kupitia shamba la zamani la chai, au Copolia, mita 497, ambao juu yake kuna mimea ya mitungi inayonasa wadudu. Msituni yumo chura wa Gardiner, ambaye akikomaa ana urefu wa milimita 11 hivi, miongoni mwa vyura wadogo kabisa duniani. Mwaka 2013 wanasayansi walieleza kwamba chura huyo, asiye na sikio la kati, husikia kwa kutumia uwazi wa mdomo wake.

Hizo ni njia fupi, na hapo ndipo ninapoona watu wakianguka. Mahé iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, msitu unazuia upepo, unyevu unakaa juu ya asilimia 80. Mtu anayepanda kwa nguvu katika hali hiyo anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa. Wengi wanajua kunywa maji. Wachache wanajua kwamba jasho linatoa chumvi pia, na maji matupu mengi yanaizimua ile iliyobaki kwenye damu hadi mtu anapata kichefuchefu, kichwa kinauma, na anaendelea kunywa akidhani ni kiu. Beba kitu cha chumvi: karanga, mihogo ya kukaanga, au paketi za dawa ya kuongeza maji mwilini zinazouzwa duka lolote la dawa. Dafu ni zuri na tamu, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hivyo peke yake halitoshi.

Mwenzako akianza kuyumba, kujibu maswali ovyo au kugombana bila sababu, usimwambie ajikaze. Hilo ni joto limefika kwenye ubongo. Mlaze kivulini, mvue, mmwagie maji, mpepee bila kuacha, na mwingine aende kuita msaada. Dakika ndizo zinazoamua.

Kinga ni rahisi: anza kabla jua halijatoka, tembea polepole katika nusu saa ya kwanza, na uwe umeanza kushuka saa nne.

Mpya kuliko yote

Kwenye Maore, kisiwa cha nne cha Komoro kilicho chini ya Ufaransa, watu hupanda Choungui, pembe ya mawe yenye mita 594, kwa kushika mizizi. Ukitazama mashariki kutoka juu yake, siku ya anga safi, mbele ya upeo kuna mlima usioonekana. Mwaka 2018 ardhi ya Maore ilianza kutetemeka mfululizo. Mei 2019 meli ya utafiti ilikuta volkano mpya chini ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa, ikiwa imeshajenga mlima wa mita 800 na zaidi juu ya sakafu. Huo ndio mlipuko mkubwa kabisa wa chini ya bahari uliowahi kurekodiwa. Mlima umepewa jina Fani Maoré, na juu ya kilele chake bado kuna zaidi ya mita 2,500 za maji.

Mashindano magumu kuliko yote

Kila Oktoba Réunion inasimama kwa ajili ya Grand Raid, ambayo kila mtu huiita Diagonale des Fous. Wakimbiaji huondoka Saint-Pierre, kusini, Alhamisi usiku, watu zaidi ya 2,000 wakiwa na tochi vichwani, na barabara nzima ya pwani imejaa ngoma za maloya na watoto waliokataa kulala. Wanakivuka kisiwa hadi uwanja wa La Redoute, Saint-Denis, kaskazini. Njia hubadilika kidogo kila mwaka, lakini ni takribani kilomita 165 hadi 180, na mita 10,000 hivi za kupanda, zikipitia Cilaos na Mafate, ngazi zilezile, magoti yaleyale. Baridi ya usiku juu, joto la mchana mabondeni, matope msituni.

Wa kwanza hutumia kama saa 22 hadi 24. François D'Haene wa Ufaransa ameshinda mara nne, 2013, 2014, 2016 na 2018, na ile ya mwisho alivuka mstari pamoja na Benoît Girondel, wakaamua kushinda wote wawili. Kilian Jornet wa Hispania alishinda 2010 na 2012. Mwaka 2022 Mmarekani Courtney Dauwalter alikuwa wa kwanza kwa wanawake, akiwa mbele ya wanaume karibu wote.

Lakini ushindani huu ni wa wenyeji zaidi ya unavyokuwa wa mabingwa. Wengi wanaoanza ni wauguzi, walimu, mafundi na wakulima wa Réunion wenyewe, waliofanya mazoezi kabla ya kazi na baada ya kazi mwaka mzima. Si wote wanaomaliza. Wanaomaliza wana saa 66 kwa jumla, yaani hadi Jumapili alasiri, wengi wakiwa wamelala saa moja au mbili tu chini ya blanketi la plastiki kando ya njia. Uwanjani hukabidhiwa fulana iliyoandikwa kwa Kifaransa kwamba wamenusurika, na Jumatatu asubuhi utawaona kwenye mabasi ya Saint-Denis wameivaa, wakienda kazini, wakishuka ngazi za basi kinyumenyume.